Muhuri wa Polisi na Kampuni ya Rafuni

Walisema kuna mwanamke wa Zoni ya Tatu aliyenunua kampuni, na kampuni ikaja na madhambi yake. Barua zikaanza kumfikia, zikimuuliza mambo ya miaka ambayo hata jina la hiyo kampuni alikuwa halijui. Nilisikia hayo kwenye kikao cha chama chetu cha mazishi, hapa Seshego, Afrika Kusini. Hakuna aliyejua jina la huyo mwanamke. Lakini neno lenyewe nililibeba mpaka nyumbani. Nikaosha vyombo nalo. Nikalala nalo, nikaamka nalo.

Liliniganda kwa sababu wiki hiyohiyo binti yangu Pheladi alikuwa anataka kununua kampuni.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Naandika haya kwa mama mwingine ambaye mtoto wake atakuja na habari kama hii jikoni.

Pheladi anashona. Ana cherehani mbili kwenye gereji ambayo haijawahi kuona gari. Asubuhi mimi napika uji, yeye anakata vitambaa. Mchana mimi nashonea vifungo, yeye anapiga pasi. Mwezi wa nane shule moja ya bweni upande wa Tzaneen ilimpa fomu. Walitaka mtu wa kuwashonea sare za wanafunzi mia mbili na sitini. Lakini fomu ilitaka kampuni. Ilikuwa na nafasi ya namba ya kodi ya kampuni, na nafasi nyingine ya namba ya VAT.

"Sina kampuni, Mama," Pheladi alisema. "Na fomu inarudishwa mwisho wa mwezi."

"Si uanzishe?"

"Kampuni changa nani ataiamini? Kuna bwana mmoja mjini anauza zilizo tayari."

Tukaenda kwa huyo bwana. Jina lake Mabitsela. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Nyuma ya meza yake kulikuwa na rafu kutoka sakafuni mpaka dari. Kwenye rafu kulikuwa na mafaili, na kila faili lilikuwa na jina ubavuni.

"Hizi ndizo kampuni za rafuni, Mama," alisema. "Nimezisajili mimi, nikaziweka. Mtu akija, namkabidhi moja, naandika jina lake kama mkurugenzi. Anatoka hapa na kampuni yenye umri wa miaka mitatu."

Niliitazama ile rafu nikashindwa kukaa. Kampuni zaidi ya mia moja. Zimezaliwa, zimepewa majina, zina tarehe za kuzaliwa, na hakuna hata moja iliyowahi kuwa na mwenyewe. Zimenyamaza tu, zinasubiri. Nilijikuta nashusha sauti, kama mtu aliyeingia chumba chenye watoto waliolala.

Mabitsela akavuta faili moja. "Legodimo 61. Miaka mitatu. VAT inayo, mwaka wa pili sasa. Hiyo shule itakupigia magoti."

Bei aliyoitaja ilikuwa ng'ombe wawili. Hakusema ng'ombe, alisema randi. Lakini mimi nilisikia ng'ombe, kwa sababu kitu kingine sikuwa nacho. Marehemu mume wangu aliniachia wawili, Phatswa mwenye mabaka na ndama wake aliyekua. Wako Moletji, kwenye zizi la shemeji yangu.

Nikajikaza nikauliza, "Nasikia kampuni nyingine zina madhambi."

Mabitsela alicheka. "Mama, hii haijafanya biashara hata siku moja. Itatenda dhambi saa ngapi?" Akanisukumia karatasi yenye nembo. "Hiki ni cheti chake cha kodi, chenyewe kabisa. Chukua. Kipeleke polisi na nakala yake, wakupigie muhuri. Mwizi gani anamtuma mteja polisi?"

Hapo alinimaliza. Kweli, mwizi gani?

Kesho yake nilipanga foleni kituoni pamoja na vijana waliobeba vyeti vya shule. Kwetu hakuna kinachokwenda bila muhuri wa polisi: kazi, mkopo, shule ya mtoto. Askari alitazama cheti, akatazama nakala, akapiga muhuri, akatia sahihi. Aliita, "Anayefuata." Mimi nilitoka nimeishika ile nakala kwa mikono miwili.

"Polisi wamekubali," nilimwambia Pheladi.

Akampigia simu Mzee Ngoako, mnunuzi wa mifugo. Walikubaliana kwamba Ijumaa lori litafika Moletji.

Bado yule mwanamke wa Zoni ya Tatu hakuniacha. Alhamisi asubuhi nilikuwa naanika nguo. Upande wa pili wa uzio alikuwa Mosibudi. Huyu nilimbeba mgongoni akiwa mchanga. Sasa ni mtu wa mahesabu na kodi, amesajiliwa, na maduka mengi ya hapa yanamtegemea.

"Mama Pheladi," alisema, "shati hilo umelianika mara tatu. Kuna nini?"

Nikamwambia yote. Nikamletea nakala, nikamwonyesha muhuri kwa fahari. Pheladi naye akatoka gereji, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Huu muhuri unasema nini?" Mosibudi aliuliza.

"Kwamba ni kweli."

"Soma, Mama. Taratibu."

Nikasoma. Muhuri ulisema kwamba nakala hii ni sawa na karatasi ambayo askari ameonyeshwa. Basi. Hapakuwa na neno lingine.

"Mimi leo nikiandika kwamba mbuzi wangu ni mbunge," Mosibudi alisema, "nikatoa nakala, nikaenda nazo zote mbili kituoni, naweza kurudi na muhuri. Nakala ni sawa na karatasi. Mbuzi bado ni mbuzi."

Pheladi hakucheka. "Dada Mosi, usinitilie mchanga kwenye kitumbua. Fomu imebaki na wiki mbili tu."

"Kitumbua chako nataka ukile, mdogo wangu. Ndiyo maana nakitazama kwanza. Hiki cheti ni cha lini?"

Kilikuwa cha miaka miwili nyuma. Chini, kwa maandishi madogo, kilikuwa kimekwisha muda.

Tukaingia kwake. Mosibudi alifungua kompyuta juu ya meza ya kulia, kando ya bakuli la ugali uliobaki. Akatueleza polepole, akinitazama mimi.

"Kila kampuni ikisajiliwa hupewa namba ya kodi ya mapato. Hiyo haina ujanja. VAT ni nyingine, ni ile kodi inayoongezwa juu ya bei dukani. Namba yake huombwa. Anayeomba anatakiwa aonyeshe biashara, au mkataba wa biashara inayokuja. Sasa huyo bwana kasema kampuni haijafanya biashara hata siku moja?"

"Kasema."

"Na ina VAT mwaka wa pili?"

"Ndiyo."

"Hayo mawili hayakai kiti kimoja kirahisi. Tuiulize namba yenyewe."

"Namba inaulizwa?" nilishangaa.

"Ofisi ya kodi ina ukurasa wa wazi. Unaandika namba ya VAT, inakwambia ni ya nani. Hulipi kitu."

Aliandika zile tarakimu kumi ambazo Mabitsela alimpa Pheladi. Nikavuta pumzi. Kabla sijaitoa, jina lilikuwa limetokea, na halikuwa Legodimo 61. Lilikuwa la watu wanaouza mchanga na kokoto, mji ambao sijawahi kufika.

Nilisimama foleni kwa saa mbili nzima kwa ajili ya muhuri, na muhuri haukujua kitu. Tarakimu kumi zimejibu kabla sijapumua.

Pheladi akampigia Mabitsela, akaweka simu mezani tusikie wote.

"Namba ya VAT uliyonipa ni ya watu wa mchanga," alisema.

"Aa, dada yangu, hayo ni makosa ya kuchapa. Nitakutafutia iliyo sahihi."

Mosibudi aliandika kwenye kipande cha karatasi, Pheladi akasoma. "Naomba ile namba ya siri ya hali ya kodi ya kampuni."

"Mtandao wa ofisi ya kodi unasumbua leo."

"Nitasubiri. Bila hiyo hakuna ng'ombe." Akajirekebisha. "Hakuna malipo."

Mosibudi akatufafanulia. Mambo ya kodi ya kampuni ni siri, mtu wa nje hawezi kuyachungulia. Lakini mwenye kampuni anaweza kutoa namba ya siri ampe anayetaka kuhakikisha. Namba hiyo haikuruhusu kugusa kitu. Inakuonyesha tu kama kampuni iko sawa na ofisi ya kodi au haiko sawa. Na inaonyesha hali ya leo, hata kama namba yenyewe ilitolewa miezi mingi iliyopita.

"Cheti cha karatasi ni picha ya siku moja," alisema. "Hii ni dirisha."

Baada ya chakula cha mchana namba ikaja kwenye simu. Nadhani Mabitsela alifikiri hatutajua pa kuipeleka. Mosibudi akaifungua.

Ilikuwa nyekundu, yaani haiko sawa.

Sijui niliandike vipi jambo hili. Lilikuwa neno moja tu kwenye kioo, lenye rangi, lisilo na sauti. Lakini nilihisi kama lile faili limefumbua macho kule rafuni, likatutazama.

"Kumbe ilifanya biashara?" niliuliza.

"Siwezi kujua kutoka hapa. Huenda haikufanya. Ila kampuni hata ikilala, ni lazima kila mwaka mtu aiandikie ofisi ya kodi kwamba imelala. Usipopeleka fomu, kosa linaandikwa, na adhabu inaweza kuanza kuhesabiwa. Huenda ni hilo, huenda ni kubwa zaidi. Mwenye kujibu ni huyo bwana, kwa maandishi."

"Lakini makosa ni yake," Pheladi alisema. "Mimi ningeanza upya."

"Kampuni haianzi upya, Pheladi. Inabadilisha mikono tu. Yenyewe ni ileile, na inakumbuka kila kitu. Ungesaini, barua zingekuja kwako."

Pheladi aliitoa futi shingoni akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nami nilimwona mbele yangu yule mwanamke wa Zoni ya Tatu. Alikuwa na sura ya mwanangu.

Ijumaa saa tatu asubuhi ndipo nilipompata shemeji kwenye simu.

"Shemeji, mwambie Mzee Ngoako aende. Hatuuzi."

"Mama Pheladi, mbona unanitia aibu? Ndama keshapanda lorini."

"Mteremshe."

"Mzee kanuna hapa."

"Mwombe radhi kwa niaba yangu. Mpe chai. Lakini umteremshe."

Nilisubiri na simu sikioni. Nilisikia mbao zikilia, nikasikia kwato zikishuka moja moja mpaka kwenye udongo. Nikakaa chini palepale uani.

Mchana huo tuliisoma ile fomu ya shule upya, tukiwa na Mosibudi. Mbele ya nafasi ya VAT kulikuwa na maneno mawili ambayo Pheladi alikuwa ameyaruka: "kama ipo." Na umri wa kampuni haukuulizwa popote. Shule ilitaka kampuni yenye namba ya kodi, na namba ya siri ya kuthibitisha hali yake. Miaka mitatu ilikuwa maneno ya Pheladi na Mabitsela, si ya shule.

Mabitsela alipiga simu Jumamosi. "Nina nyingine safi kabisa, dada. Nitakupunguzia."

"Tuma namba ya siri kwanza," Pheladi alisema. Mabitsela hakupiga tena.

Pheladi alisajili kampuni yake mwenyewe kwa ada ndogo ambayo hata kuku watatu wangeitosha. Akaiita Mavazi ya Phatswa. Siku ya kuijaribu, Mosibudi aliniachia mimi niandike namba ya siri. Niliandika kwa kidole kimoja, nikihesabu. Kijani. Kampuni yetu ilikuwa na umri wa siku tisa, na ulimwengu mzima ungeweza kuitazama bila sisi kuona haya. Nilikitazama kile kioo mpaka chai ikapoa.

Kwenye nafasi ya VAT tuliandika "haijasajiliwa". Shule ilitupa sketi zote na blauzi. Suruali wakampa mtu mwingine, kwa sababu cherehani mbili zisingeweza. Mwakani tutaona.

Yule mwanamke wa Zoni ya Tatu sijawahi kukutana naye. Labda hayupo. Lakini nusura tumzae sisi, nyumbani kwetu.

Mama mwenzangu, haya usiyafanye:

Usinunue kampuni kabla ya kuuliza kama unaihitaji. Isome fomu mpaka maneno madogo.

Usiridhike na cheti cha karatasi, hata kiwe na nembo. Taka namba ya siri inayoonyesha hali ya kodi ya leo, na uifungue kabla ya kulipa.

Usiamini namba ya VAT kwa kuambiwa. Ihakikishe jina lake, herufi kwa herufi.

Usikubali "haijafanya biashara" iwe jibu la kila kitu. Uliza: fomu za kila mwaka zilipelekwa? Na nani?

Ukinunua, usikae bila kwenda ofisi ya kodi kubadilisha jina la mtu anayesimamia kodi ya kampuni. La sivyo barua zitaendelea kwenda kwa mwenye zamani, na wewe hutazijua.

Usiharakishwe na mwenye kuuza. Kampuni imekaa rafuni miaka mitatu, itakaa siku mbili zaidi.

Na usiutake muhuri wa polisi useme kisichoandikwa juu yake. Usome kwanza.

Usimpakie ng'ombe lorini kabla hujamaliza hayo yote.