Hodi Kwenye Damu ya Bi Riziki

"Sasa Daktari, mahali pasipovimba, mtu atajuaje kuwa ana mwiba?"

Jirani wa Bi Riziki, Bi Mwanakombo, aliuliza hivyo siku kinyamazishi kilipoanza kazi, watu wakamcheka. Tanga ya miaka hiyo, mashine zilifagia njia na kupima maji ya visima. Nani angeogopa kijimashine kidogo kama punje ya kunde, kilichopandikizwa chini ya mtulinga wa mgonjwa? Na Bi Riziki, ambaye vidole vyake vilipindwa na ugonjwa wa viungo miaka tisa, alikuwa barazani akisuka ukili kama msichana.

Kinyamazishi kilibuniwa na mke wa mwanawe Bi Riziki, Daktari Mwajabu. Akamweleza jirani taratibu.

"Damu ina askari, mama. Kila askari ana kitabu cha urithi ndani yake. Wajumbe wa mwili wanampigia hodi, habari inapokezanwa ndani mpaka kitabuni, ukurasa unafunguliwa: leta homa, vimbisha, pigana. Kwa mama, wajumbe wanakuja bila adui, askari wanamla viungo. Mashine inaziba mlango. Ukurasa haufunguki."

"Na adui akija kweli?"

"Kila Ijumaa nitampeleka zahanati, nikipunguze nguvu kinyamazishi, tuisikilize damu."

"Haya. Wewe umesoma, mie nimeishia juzuu ya Amma."

Mwezi wa pili mume wa Bi Riziki akafariki, Mola amrehemu. Mjane akaingia eda. Mwajabu akamkumbusha kuwa dini inamruhusu mgonjwa kutoka kwenda kutibiwa.

"Mgonjwa nani? Mie siumwi. Niache nimkalie mume wangu."

Mwajabu akamwachia, safari za Ijumaa zikakoma. Maumivu yasije yakamrudia eda haijesha, alikiongeza nguvu kinyamazishi kutoka mbali kwa mashine yake, hadi kimya kamili.

Siku moja mwiba wa mkindu ukamchoma Bi Riziki kidole. Hakikuvimba. Kila asubuhi mwanawe, Sefu, alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama alivyoguswa yeye utotoni. "Hana homa, alhamdulillahi."

Siku ya arobaini na moja ya eda hakuamka.

Matanga yalipoondoka, Sefu alimkuta mkewe mbele ya kioo cha mashine iliyoandika habari za kinyamazishi, machozi yanamtoka.

"Wajumbe walikuja?"

"Walikuja."

"Tangu lini?"

"Siku kumi na mbili kabla hajatutoka. Kila saa walikuwa wanapiga hodi, Sefu. Mlango niliufunga mimi."

Sefu akauokota ukili ambao mama yake hakuumaliza, akaukunja polepole. Akavaa viatu, akatoka.