Kichuguu Kwenye Ramani

Zege la ghorofa ya sita lilikuwa na siku kumi na tisa tangu limwagwe, na lote lilikuwa limekauka isipokuwa sehemu moja kando ya nguzo ya kati. Hapo palikuwa na unyevu, mahali padogo pa kumtosha mtoto kulala akiwa amejikunja. Desderius, msimamizi wa mafundi, alipafuta kwa gunia asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne unyevu ulikuwa umerudi, unanuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Injinia, njoo unuse," alisema.

Renatus hakuhitaji kuinama ili anuse. Alikuwa mchoraji wa ramani, si injinia. Cheo hicho alipewa na mafundi naye hakukikataa. Alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni, akasema hayo ni maji ya mvua yanatafuta njia. Ngara haikuwa imeonja mvua kwa wiki tatu, na doa kama hilo lilikuwa ghorofa ya tano mahali palepale kabla ya kumwagwa ya sita, na ghorofa ya nne kabla ya kumwagwa ya tano. Jengo likipanda, doa linapanda nalo, na chini lilikotoka panabaki pakavu.

Jengo lenyewe lilikuwa gumzo la wilaya. Ghorofa saba katikati ya mji: chini maduka, juu yake ofisi, kisha nyumba za kupanga, na kileleni hoteli ambayo mgeni angekaa dirishani akanywa chai huku akitazama vilima vya Burundi. Watu wa Dar es Salaam wangecheka wakisikia tunaliita mnara. Waacheni wacheke. Kwetu mtu akipanda ngazi za ghorofa mbili alikuwa anasimulia nyumbani. Na aliyelichora ni mtoto wa Nyamiaga, si mgeni, aliyesomeshwa kwa ndizi na maharage ya mama yake. Renatus alilipenda jengo lile kuliko mtu anavyopaswa kupenda saruji, na huko kupenda ndiko kulikomponza.

Miaka miwili nyuma, alipokwenda kupima kiwanja, palikuwa bado ni shamba la migomba. Bibi Nimpaye, aliyeliuza kwa tajiri Juvenali na kuhamia kwa mwanawe kule Ntobeye, alikuwa akimsubiri na fimbo yake. Alimshika mkono, akampeleka kwenye tuta dogo katikati ya migomba.

"Huyu ni Irambona, binti yangu," alisema. "Alikuwa na miaka sita. Msalaba ulikuwa wa mbao, mchwa wakaula. Andika kwenye karatasi yako kwamba hapa ni kaburi, ili siku ya kumhamisha mniite. Unajua mtu wetu hahamishwi kimyakimya. Mama yake anamwita kwa jina, anamwambia tunakwenda mahali fulani, ndipo jembe linapiga. Asipoitwa anabaki anatafuta."

Renatus alijua. Babu yake mwenyewe alihamishwa hivyo. Lakini alijua pia kwamba kaburi likionekana kwenye ramani kutafuata barua za wilayani, matangazo, bwana afya, vikao vya ukoo, na juu ya yote, ukoo ukikataa kumhamisha, ile nguzo ya kati, iliyobeba jengo zima, ingebidi isogezwe na mchoro wote uchanwe uanze upya. Tajiri Juvenali alikuwa ameshasema: ramani wiki hii, au anatafuta mchoraji mwingine Mwanza. Renatus akainamisha kichwa akaandika "kichuguu." Kichuguu hakina ndugu. Kinasukumwa na kazi inaendelea.

Bibi hakujua kusoma. "Nisomee ulichoandika," alisema.

"Kaburi la Irambona, binti wa Nimpaye," Renatus alisoma kwa sauti, kidole chake kikiwa juu ya neno kichuguu.

Bibi alimshukuru. Alimshukuru mara mbili, akambariki kwa mikono yake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Tingatinga lilipofika, Renatus alijifanya anaongea na simu. Udongo ulipakiwa kwenye malori pamoja na kila kilichokuwa ndani yake, ukaenda kufukia mashimo ya barabara ambayo hakuthubutu kuuliza ni ipi.

Wa kwanza kusema wazi alikuwa Kwandu, mama lishe wa pale kazini, Msukuma wa Nyamigogo kule Biharamulo, mwanamke asiyezunguka maneno. Siku ile ya doa la ghorofa ya sita alimvuta Renatus nyuma ya masufuria, akanong'ona.

"Baba, huko juu kuna mtoto. Saa saba, mafundi wakishakaa kula, anateremka ngazi mpaka ya pili kutoka chini, anasimama. Ananiuliza kama mimi ni mama yake."

"Umemwona?"

"Nasikia miguu, halafu sauti. Nikigeuka naona ngazi tupu." Alifunika sufuria ya wali. "Sijamwambia mtu. Wakisikia watakimbia wote, na mimi nitampikia nani?"

Renatus alimwambia ni mwangwi wa jengo lisilo na milango. Aliona aibu kusema hivyo, na alisema.

Jumatano iliyofuata, mchana wa jua kali, Ngassa, mfunga nondo, alipanda juu peke yake kufuata koti alilolisahau, na walio chini wakasikia akizungumza na mtu, kwa upole, kama mtu anavyombembeleza mtoto aliyepotea sokoni, akisema nipe mkono, usilie, twende tumtafute, sauti yake ikizidi kusogea kuelekea kwenye shimo la lifti ambalo bado halikuwa na kizuizi, na Desderius alipotupa sahani yake na kuanza kupanda mbio akimwita jina, sauti ya Ngassa ikakatika, na kilichofuata ni mlio wa mbao kupasuka.

Jukwaa la mafundi lilimdaka ghorofa moja chini. Alivunjika paja. Walipombeba alikuwa amekunja ngumi, na ndani yake mlikuwa na udongo mbichi.

"Mkono wake ni wa baridi," alikuwa akirudia. "Aliniambia mama yupo huku."

Padri aliitwa. Wakapiga magoti wote, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, maji ya baraka yakanyunyizwa, doa likakauka siku mbili. Siku ya tatu likarudi, na katikati yake zilikuwapo alama za nyayo mbili ndogo, vidole vikielekea ngazi.

"Wewe ndiye uliyechora," Desderius alisema polepole, wakiwa wawili tu mbele ya nyayo zile. "Hapa chini kulikuwa na nini?"

"Kichuguu," Renatus alijibu, na alipolisikia neno hilo likitoka tena kinywani mwake alitamani ardhi immeze.

"Mchwa hawamwiti mama," alisema Desderius, akashuka.

Renatus alipanda pikipiki siku hiyohiyo hadi Ntobeye. Alijua kinachomngoja: ukoo ukishtaki, jina lake limekwisha, na pengine jengo litasimamishwa. Alimkuta Bibi Nimpaye amekaa kwenye jamvi uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniita?" Uso wa bibi ulichangamka. Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye migomba. "Nimeshamtengea mahali. Kila mwezi napapalilia, nikijua mtakuja."

Renatus alipiga magoti kwenye mavumbi, akasema yote: neno aliloandika, neno alilosoma, tingatinga, malori. Hakujitetea. Bibi hakulia. Aliikamata fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ulinisomea," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Ukalitaja jina lake, kwa mdomo wako."

"Ndiyo."

"Nipeleke."

Kesho yake saa saba mchana mafundi walikaa chini, hakuna aliyegusa chakula. Desderius na Renatus walimshika bibi mikono, wakapumzika kila ghorofa mpaka ya sita. Akavua viatu. Akaukanyaga ule unyevu, akaita jina la binti yake kwa Kihangaza, mara moja, mara mbili, na upepo uliokuwa ukipita kwenye madirisha matupu ukasita, na harufu ya udongo ikapanda ikawajaa puani, nzito, ikiwa na harufu ya majani ya migomba yaliyooza ndani yake, na Renatus akaihisi ikishuka kooni, ikitua juu ya ulimi, na alipotaka kutema, meno yake yalifunguka yenyewe na sauti ya mtoto wa kike ikatoka ndani yake.

"Abee, mama."

Desderius alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Bibi hakustuka. Alimgeukia Renatus, akamtazama kinywani.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko kwa aliyenitaja."

"Toka, twende nyumbani. Nimekutengea mahali."

"Nitatoka na nini, mama? Nyumba yangu ilipakiwa kwenye lori. Sina mwili wa kubebwa."

Machozi yalimtoka Renatus, na hakujua ni yake au ya nani. Bibi alimpangusa kwa ncha ya kitenge chake, kwa mapenzi, lakini alipozungumza alizungumza na Renatus mwenyewe, na mapenzi hayakuwamo.

"Siwezi kumtoa. Hana pa kwenda, umemmwaga barabarani. Nitakuja kwako kila Jumapili baada ya misa, nimwone. Usisafiri."

Unyevu ukakauka mbele ya macho yao, na haukurudi tena. Bibi hakwenda kushtaki kokote, na Desderius hakusema neno. Ghorofa ya saba ilimwagwa, vioo vikawekwa, siku ya ufunguzi ngoma ikachezwa barabarani. Renatus aliombwa aseme machache akakataa. Watu walisema ni unyenyekevu.

Kila Jumapili bibi alikuja, na Renatus alimfungulia mlango. Mke wake, Speciosa, alishajua yote. Aliwapeleka watoto kwa dada yake, akawapisha sebule. Mama na binti walizungumza habari za mvua, za mbuzi, za ndugu ambao mtoto aliwaacha wakiwa wadogo na sasa wana wajukuu. Renatus alikaa kwenye kiti akikopesha kinywa chake, na mara nyingine aliona ni haki, tena adhabu ndogo kwa alichokifanya. Kilichomtesa ni kumwona bibi anavyochoka kila wiki.

Bibi Nimpaye alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Alizikwa Jumamosi Ntobeye, kando ya mahali alipokuwa akipapalilia, na Renatus alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Jumapili saa saba ulimi wake ulisogea.

"Mama mbona hajafika?"

Neno moja lingetosha. Angesema anakuja, mtoto angetulia mpaka wiki nyingine, na nyingine, na Mungu anajua Renatus alikuwa fundi wa kazi hiyo. Akafumba macho.

"Mama yako amefariki, Irambona. Tulimzika jana. Sikutaka kukudanganya na wewe."

Kilio kilichofuata kilimtoka kifuani kwa saa nzima, chembamba, kisicho na pumzi, kikimkamua mbavu mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti, na Speciosa, aliyekuwa uani akichagua maharage, alivumilia akavumilia mpaka akashindwa, akaja kusimama mlangoni, ungo mkononi, uso wake umelowa. Alikuwa amelea watoto wanne na hakuwahi kumwacha hata mmoja alie hivyo.

Kilio kikanyamaza. Renatus akahisi shingo yake ikigeuzwa taratibu kuelekea mlangoni. Alikaza meno, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini sauti ilipita katikati ya vidole.

"Mama?"

Speciosa aliweka ungo chini.

"Nipo, mwanangu," aliitika. "Njoo."