Kipimo cha Kidole

Mchana ule chumba cha dharura kilifurika kana kwamba mji mzima wa Iloilo, kule Ufilipino, umekubaliana kuumia siku moja. Ndipo alipoingizwa Crispin, jezi yake ya mpira wa kikapu imelowa jasho, bega limechomoka. Nyuma yake mama yake, Aling Pacing, alikuwa akiwaita watakatifu wote kwa majina.

Muuguzi akageuka. Sare nyeupe imenyooka pasi, kibanio chekundu nyweleni. Luningning!

"Ning, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Mwaka mzima nakuuliza tutaoana lini, wewe unaninunulia aiskrimu! Nikasema basi, tuachane. Lala chali!"

Daktari akaagiza midazolamu, dawa ya kumtuliza ili bega lirudishwe. Kazini Ning hana masihara. Akambana Crispin kidoleni kipimo cha oksijeni chenye waya wa mashine, akaweka karibu mfuko wa kumpulizia pumzi na dawa ya kuizimua ile nyingine ikimzidi. Sindano ikaingia kidogo kidogo, naye macho hayabanduki kifuani pa mgonjwa.

Bega likarudi, kop! Crispin akafumbua jicho moja, akatabasamu, akachomoa kile kipimo na kumvisha Ning kidoleni.

"Ning, nikuoe?"

Piii! Piii! Kipimo kilipochomoka, mashine ikapiga kelele. Daktari akarudi mbio, akaudaka ule mfuko wa pumzi. Aling Pacing akaanguka magoti.

"Mwanangu amekufa!"

"Hajafa, mama," Ning akasema akiizima mashine, uso umemwiva. "Anaposa."

"Alaa! Sasa si umjibu?"

"Aliyechomwa dawa hii haendeshi gari siku hiyo, hasaini kitu, wala haposi mtu!"

Lakini moyo wake, masikini, ulikuwa unadunda.

Dawa ilipomwisha, Crispin akazinduka. "Nimekoroma?" Dawa ile hufuta kumbukumbu; hakukumbuka hata chembe.

Ning machozi yakamlenga. "Sana. Nenda na mama yako, usiachwe peke yako."

Kijana akaondoka akijua ameachwa kweli. Mama yake akaificha ile posa moyoni, mwanamke yule asiyenyamaza hata kanisani.

Jumapili, baada ya misa, akamvisha shati lake la sherehe, akamburuta hadi kwao Ning pamoja na shangazi zake na sufuria ya pansit, tambi za sherehe.

"Tumekuja kumalizia ile posa!"

"Posa gani, mama?" Crispin akashangaa.

Ning alisimama mlangoni na gauni la njano. "Si unaona, mama? Ilikuwa dawa tu."

Crispin akatazama sufuria, akamtazama Ning, akaelewa. Akatia mfukoni mkono wake usioumia, akatoa pete.

"Dawa ni ya juzi. Hii natembea nayo tangu Krismasi. Kila nikitaka kukuuliza naogopa utakataa, najikuta kwa muuza aiskrimu. Ning, nikuoe?"

Ning akamshika mkono, akapima mapigo, akamchungulia macho.

"Akili zako zimerudi zote?"

"Zote. Ingawa hazikuwa nyingi."

Ning akacheka, akanyoosha kidole. Pete ikaingia taratibu, shangazi wote wakinyoosha shingo.

"Piii! Piii!" Aling Pacing akapiga kelele nyuma ya sufuria.

"Iacheni ilie," Ning akasema, anacheka huku anafuta machozi. "Leo siizimi."