Spana Inayokubali Kila Nati

Fundi cherehani huamka mapema siku ambazo mama yake anakwenda hospitali. Figo za mama zimechoka. Mara mbili kwa wiki ni lazima aunganishwe na mashine, damu yake isafishwe. Akikosa, miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi. Kwa hiyo gari la fundi, ingawa ni kuukuu na lina rangi mbili, lina heshima kubwa nyumbani pale.

Fundi hulitengeneza mwenyewe. Hilo si kosa. Anabadilisha oili, anasafisha plagi, anabadilisha matairi. Kosa lilikuwa ndani ya sanduku jekundu la plastiki alilonunua kwa mchuuzi wa barabarani. Lilijaa spana, soketi na bisibisi, zote zinang'aa kama vijiko vya harusi. Mkewe aliuliza kama ni vifaa imara. Fundi akacheka.

"Mama watoto, spana ni spana."

Maneno hayo yananiudhi mpaka leo, na mtaona kwa nini.

Asubuhi moja ya hospitali, tairi la mbele lilikutwa limelala. Mama alikuwa amekwisha kuvaa. Alikaa barazani, mkoba mapajani.

"Kazi ya kufumba na kufumbua," fundi alisema.

Akachukua wili spana, ile ya kufungulia nati za tairi, kutoka kwenye sanduku, akaivika kwenye nati, akasukuma. Nati haikutikisika. Akaikanyaga kwa mguu. Basi ile wili spana ikapanuka mdomo. Chuma kinapanuka kama unga uliokandwa! Hicho ni chuma gani?

Hapo fundi akachukua spana malaya. Jina si langu. Ni mafundi wenyewe walioiita hivyo, ile spana yenye kidude cha kuzungusha, inayopanuka na kujibana ili iingie kwenye nati yoyote. Akavuta, ikateleza. Akavuta tena. Pembe za nati zikaliwa zote, nati ikawa mviringo kama kifungo. Mara ya mwisho spana ilichomoka, vidole vikagonga chuma, ngozi ikachubuka.

"Baba watoto, muda unakwenda!" mkewe alipaza sauti.

"Nakuja!"

"Unakuja na nini? Gari halina mguu!"

Mama alisema polepole, "Mwanangu, ile mashine hainisubiri mimi."

Walikodi gari. Walichelewa. Muuguzi alisikitika, lakini zamu ya mama ilikuwa imepita na kiti amepewa mgonjwa mwingine. Akawaambia warudi kesho alfajiri. Kufika jioni, ndala za mama zilikuwa hazimwingii. Alikuwa akisema maneno mawili, anapumzika, kisha mawili mengine. Mkewe fundi hakula. Alikuwa na hasira, nami namuunga mkono.

"Mama anahangaika kutafuta pumzi kwa sababu ya nati," alimwambia mumewe. "Nati! Si mafuriko, si vita. Nati!"

Fundi akamwongezea mama mto mgongoni.

Kesho yake mama alisafishwa damu, Mungu akajalia, akarudi na nafuu. Mchana shangazi yake fundi akaja kumjulia hali. Huyu shangazi alitunza stoo ya karakana ya mabasi mpaka alipostaafu. Ni mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika.

"Wifi, nimeambiwa umeangushwa na tairi," alisema.

"Sikuangushwa na tairi," mama akajibu. "Nimeangushwa na kijana wenu."

Shangazi akaomba sanduku jekundu. Alitoa spana moja, akaigeuza huku na huku, akaitupa ndani. Kwenye meza ya fundi kulikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Shangazi akauchukua, akaelekea uani kwenye kipande cha bati.

Fundi aliruka, cherehani nusura ianguke. "Shangazi! Usithubutu! Huo ni wa kitambaa! Hata karatasi haukati!"

"Kwa nini?"

"Utaharibika makali! Nitafanyaje kazi?"

"Ala! Kwani kuna ubaya gani? Mkasi ni mkasi."

Mkewe aliangua kicheko, na hakikuwa kicheko cha huruma.

"Kaa chini, mwanangu," shangazi alisema. "Kitambaa cha watu unakiheshimu. Gari linalombeba mama yako unalitengeneza kwa takataka. Tazama spana hii. Imeandikwa nini?"

"Haikuandikwa kitu."

"Hata aliyeitengeneza ameona aibu kuitia jina lake! Spana nzuri ina jina la kiwanda, namba ya ukubwa na aina ya chuma. Lakini usiamini maandishi tu, siku hizi hata maandishi yanaghushiwa. Ivike kwenye nati. Ikichezacheza, irudishe."

"Na spana malaya je?" mkewe aliuliza. "Si inaingia kila mahali?"

"Ndiyo shida yake. Inakubali kila nati, haishiki hata moja sawasawa. Itumie kushikilia vitu vyepesi. Nati iliyokaza inataka spana ya namba yake. Chukua ya ringi, inayoizunguka nati yote, au soketi, ile inayoifunika nati kama kofia, yenye pembe sita ndani, maana nati ina pembe sita. Zitakumbatiana. Na usinunue seti ya vipande mia kwa tamaa ya macho. Nunua namba ambazo gari lako linazitumia."

"Na jeki?" fundi akauliza.

"Jeki ni ya kuinulia tu, kushikilia si kazi yake. Nunua stendi mbili za chuma. Bila stendi usiingie chini ya gari, hata kama kitu kimeangukia huko. Na nati za tairi zilegeze kabla hujainua gari, tairi likiwa bado limekanyaga chini. Sikio lako lipo?"

"Lipo, shangazi."

Fundi wa gereji aliitwa, akaitoa kwa tindo ile nati iliyoliwa, akasema inahitajika mpya. Fundi cherehani akainunua, kisha akaenda duka la vifaa, nati mpya mkononi. Muuzaji akamletea sanduku, jekundu vilevile, linang'aa vilevile.

"Hii ndiyo inayotoka sana, bosi."

Fundi akatoa soketi, akaivika kwenye nati. Ikacheza kama jino bovu.

"Ndugu yangu, unawauzia watu hivi?" fundi aling'aka. "Mama yangu nusura afe kwa kitu kama hiki! Nipe soketi ya pembe sita yenye jina la kiwanda. Kama huna, sema huna!"

Wateja wengine wakageuka. Mmoja alirudisha sanduku alilokuwa ameshika. Muuzaji akanuna, lakini akaingia ndani, akarudi na soketi ngumu yenye maandishi, na mpini wake mrefu. Fundi akaivika. Haikucheza hata kidogo.

Haukupita muda mrefu, wakiwa njiani kwenda hospitali, tairi la nyuma likapasuka. Mkewe alimsaidia mama kushuka, akamketisha kando ya barabara. Fundi aliweka jiwe mbele ya gurudumu, akavika soketi, akavuta. Nati ikalalamika kidogo, ikakubali. Zote zikakubali. Akainua gari, akabadilisha tairi, akalishusha na kukaza. Mikono yake ilikuwa michafu, lakini haikuwa na mchubuko hata mmoja.

Walipofika, mlango wa chumba cha mashine ulikuwa bado umefungwa. Mama akakaa kwenye benchi, wa kwanza kabisa. Akautazama mlango, akaitazama saa ya ukutani, akaguna kwa hasira.

"Na hawa nao," alisema, "kwa kuchelewa!"