Vioo Kumi na Viwili

Jirani mshona viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuieneza habari, na aliieneza kwa chumvi ya kutosha. Alidai kwamba Fundi Vioo alifika zahanati na vioo kumi na viwili, akajaribu kutia cha kwanza kikagoma, akajaribu cha pili kikagoma, na alipofika cha tatu mikono ikamtetemeka mpaka muuguzi akamletea kiti na maji ya kunywa.

"Kumi na viwili vyote!" jirani alisema, sindano ikining'inia kwenye soli. "Hakikuingia hata kimoja. Mzee wa watu, macho yamekwisha. Nimeona mwenyewe!"

Hakuwa ameona kitu. Siku hiyo nzima hakubanduka kwenye kigoda chake. Lakini kwamba vioo havikuingia, hilo lilikuwa kweli, na aliyejua sababu yake alikuwa mtu mmoja tu: mjukuu wa fundi huyo, msichana wa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu jana mdomo huo ulikuwa umefungwa.

Kila alipotoka shule Chiriku alipitia karakana ya babu yake. Alifagia chenga za kioo kwa uangalifu, alimsomea babu vipimo vilivyoandikwa kwa herufi ndogo, kisha alimpigia hesabu. Kikokotoo cha zamani kilikuwa kimekufa vitufe vitatu. Kwa hiyo mjomba alipowaletea kompyuta ya mezani aliyokuwa haitumii tena, babu alifurahi sana.

"Haya, mama," alimwambia Chiriku. "Nasikia humo ndani mna vikokotoo vya kila namna. Tuchagulie kinachofaa kazi yetu."

Vilikuwepo vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha kijivu, kikavu kama ukuta usiopakwa rangi. Cha pili kilijaa alama ambazo hata mwalimu wao hakuwa amezifikia. Cha tatu kilikuwa na maua pembeni, vitufe vya rangi, na tarakimu kubwa kama za saa ya ukutani. Chiriku hakufikiri mara mbili. Babu ataona vizuri, alijiambia. Jambo moja tu lilimkera: majibu yalikuja na mkia mrefu wa tarakimu baada ya nukta. Akaingia kwenye mipangilio, akachagua majibu yaje bila desimali. Mkia ukakatika, skrini ikapendeza.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati. Chumba cha watoto wagonjwa kilikuwa na madirisha manne yaliyozibwa kwa maboksi, na vumbi liliingia mchana kutwa. Seremala alitengeneza fremu, akatuma vipimo kwenye karatasi: kila dirisha lina nafasi ya sentimita 124.8, igawanywe sawasawa kwa vioo vitatu. Chiriku akabonyeza. Skrini ikasema 42.

Babu alikuna kidevu. "Arobaini na mbili kamili?"

"Kamili, babu. Itazame mwenyewe."

Babu akatoa milimita tatu ili kioo kisibanwe, kama alivyozoea, akakata vyote kumi na viwili.

Jana, vioo viliporudi kutoka zahanati, Chiriku alichukua penseli akagawanya kwa mkono nyuma ya daftari lake. 41.6. Akagawanya tena. 41.6. Kumbe kila kioo kilikuwa kimezidi milimita nne. Akalifunga daftari, akaenda kulala bila kumwambia mtu.

Leo alimkuta babu ameketi mbele ya vioo, ameegemeza mikono magotini. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira, Chiriku angepumua kidogo.

"Mtu anaweza kukosea kioo kimoja," babu alisema taratibu. "Anaweza kukosea viwili. Kumi na viwili si bahati mbaya. Ni macho haya na mikono hii. Kesho nitamwambia muuguzi atafute fundi mwingine. Miaka arobaini inatosha, mama." Akamsogezea kipande cha ubao na kopo la rangi. "Wewe una mwandiko mzuri. Niandikie hapo: Fundi amepumzika."

Chiriku alichovya brashi. Akaandika *Fundi*. Neno la pili likamshinda. Rangi ilidondoka kwenye ubao, tone moja, kisha jingine, na la tatu halikuwa rangi.

"Unalia nini tena?"

"Babu, si mikono yako."

"Usinifariji. Mimi mtu mzima."

"Sikufariji! Ni mimi. Niliondoa desimali." Maneno yaliyokwama tangu jana yakamtoka kwa mkupuo mmoja: maua, rangi, mkia wa tarakimu, daftari. "Nilikichagua kwa sababu kinapendeza. Nilijua tangu jana, nikaogopa."

Babu alimwondolea brashi mkononi, akauliza, "Usiku ulilala?"

"Hapana."

"Basi tulikuwa wawili."

Akainuka, akachukua rula, akaiweka juu ya kioo cha kwanza. Akamwita Chiriku amsomee. Arobaini na moja na milimita saba. Wakapima cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Vyote vilikuwa arobaini na moja na milimita saba, havikupishana hata unywele. Babu aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa.

"Lo! Arobaini na mbili, toa milimita tatu. Nimekata nilichoambiwa," alisema. "Barabara kabisa."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Lakini tukae hapa, tuanze upya. Vile vikokotoo vyote vitatu, vipe hesabu ambayo jibu lake mimi na wewe tunalijua. Saba gawanya kwa mbili."

Cha kijivu kilisema 3.5. Chenye alama nyingi kilisema 3.5. Chenye maua kilisema 4. Chiriku akakirudishia desimali, nacho kikasema 3.5.

"Kumbe kinajua!" babu alicheka. "Ni sisi tuliokikataza kusema."

"Tukiache hiki hiki, basi?"

"Nioneshe tulichobonyeza dakika tano zilizopita."

Chiriku akatafuta. Chenye maua hakikuweka kumbukumbu yoyote. Chenye alama nyingi kiliweka, ila vitufe vyake vilikuwa vidogo kama mbegu za ufuta, na babu aligusa kitufe kisicho chenyewe mara mbili. Cha kijivu, kile kikavu, kilikuwa kimeorodhesha kila hesabu pembeni, na walipolipanua dirisha lake kwenye skrini tarakimu zikakua mpaka babu akazisoma bila kukunja uso.

"Hiki," alisema Chiriku.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikikosea, utaona nilipokosea."

Babu akachukua koleo na kikatio. Kupunguza milimita nne kwenye kioo ni kazi ya kushika pumzi, lakini mkono wake ulitembea kama unavyotembea kwenye kazi unayoijua. Kioo cha tano kilipasuka. Akakata kingine badala yake bila kununa. Kesho yake vyote viliingia kwenye fremu. Muuguzi aling'oa maboksi, na mtoto mmoja akasimama kitandani kutazama barabara. Jirani mshona viatu alipowaona wakirudi, alitangaza kwamba yeye tangu mwanzo aliilaumu kompyuta.

"Msikilize huyo," babu alisema wakicheka. Kisha sauti yake ikatulia. "Chiriku, kifaa cha kazi hatukichagui kwa uzuri wa uso. Tunakijaribu kwanza kwa jambo tunalolijua, halafu tunatazama kama kinatuonesha makosa yetu. Hilo moja. La pili ni kubwa zaidi. Kuchagua vibaya si aibu, hukujua. Lakini jana ulijua, ukanyamaza, na kunyamaza kwako kulikaribia kunifanya niichukie mikono yangu. Siku nyingine ukikosea, niambie kabla sijalala."

"Nitakuambia, babu."

Walitembea kidogo. Chiriku alikuwa na jambo, na babu alitambua hivyo, kwa kuwa alimsikia anavyovuta pumzi.

"Babu," alisema hatimaye, "naomba unifundishe kukata kioo. Si hesabu peke yake. Kukata kwenyewe."

Babu alisimama. Aliushika mkono wa Chiriku, akaufungua, akavitazama vile vidole ambavyo havikuwa na kovu hata moja. "Vitapata makovu," alisema. "Kesho ukitoka shule, tutaanza."