Krimu ya Brenna na Ngozi ya Bibi Lempi

Kila jioni, vyombo vya chakula vikishaoshwa, Kaija alikuwa na kazi isiyokwepeka: kumpaka bibi yake dawa. Bibi Lempi alikuwa na soriasisi, ugonjwa unaoifanya ngozi ijijenge haraka kupita kiasi, mpaka magamba meupe yanarundikana juu ya mabaka mekundu. Hauambukizi. Lakini unawasha na unauma, na kwa Bibi Lempi ulikuwa umeingia hata kwenye viungo vya vidole. Hakuweza kufungua kifuniko cha tyubu, sembuse kuufikia mgongo wake mwenyewe.

Mama yake Kaija, Marlys, aliendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Katika mji wa Tower, Minnesota, theluji haina adabu. Huanguka wakati watu wanakula. Kwa hiyo Mama alikuwa amemfundisha Kaija kazi hiyo mapema, akisimama nyuma yake na kumsahihisha.

“Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo. Usimsugue! Ngozi ya mzee ni kama karatasi. Sasa dawa, kidogo, kwenye mabaka tu. Subiri inywee. Ndiyo, subiri, hakuna moto unaozimwa hapa. Halafu mafuta mazito mwili mzima. Glavu za pamba, soksi za pamba, alale.”

Jumamosi kazi ilikuwa ndefu zaidi, maana ilikuwa siku ya sauna. Bibi hakukosa kuingia kwenye kibanda cha mbao cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba, akae karibu na mawe ya moto. Daktari alimruhusu muda mfupi tu, bila moto mkali. Akitoka humo, ngozi imelainika, Kaija alimpaka mara moja kabla haijakauka. Bibi alipenda saa hiyo kuliko zote. Alikuwa akimsimulia mjukuu wake habari za majirani waliokwisha kufa na kucheka peke yake.

Kaija naye alikuwa akisikia vishindo vya magongo ya hoki kutoka uwanja wa barafu, mtaa wa pili. Wenzake wote walikuwa huko. Taa za uwanja zilizimwa mapema, na kila alipofika, walikuwa wanavua viatu vya kutelezea.

“Nesi Kaija huyo!” Brenna alimtania. Brenna alisoma naye darasa moja na alikuwa na krimu nyingi kuliko duka. Yeye na wasichana wengine walikuwa wakipaka usoni kila kilichoonyeshwa kwenye simu. “Leo umemaliza kumpaka bibi siagi?”

“Siyo siagi. Na ukiendelea nitakupiga na gongo.”

“Basi sikiliza. Ninayo moja ya usiku. Inaondoa mikunjo, madoa, mabaka, kila kitu. Unapaka mara moja tu, umemaliza. Mama yangu anaitumia, na watu wanadhani ni dada yangu.”

“Bibi ana soriasisi, Brenna.”

“Si ni ngozi? Krimu ni ya ngozi. Acha ushamba.”

Jumamosi iliyofuata, Kaija alikuwa na kichupa cha krimu hiyo mfukoni. Bibi alipotoka sauna, akiwa mwekundu na mwenye furaha, Kaija alimpaka ile krimu mikononi, mgongoni na miguuni, juu ya ngozi yenye unyevu. Hakupaka dawa wala mafuta mazito.

“Mbona leo inanukia kama harusi?” Bibi aliuliza.

“Ni ileile, Bibi. Wamebadilisha harufu tu.”

“Inachomachoma kidogo.”

“Ni baridi tu.”

Bibi akamwamini. Kaija alifika uwanjani taa zikiwa bado zinawaka, akafunga mabao mawili. Jioni zilizofuata alifanya vivyo hivyo.

Haikuchukua muda, mikono ya Bibi ikawa myekundu kama imemwagiwa maji ya moto. Mabaka ya zamani yalipasuka, na mengine mapya yakachipuka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Asubuhi Kaija aliona matone ya damu kwenye shuka. Alilitoa shuka lile kitandani. Akakificha kichupa ndani ya buti la zamani na kurudia dawa ya kawaida, akiomba ngozi itulie kabla mtu hajauliza.

Haikutulia. Ngozi ilikuwa imechubuka mno, hata ile dawa ilimfanya Bibi ashike pumzi. Usiku Kaija alimsikia akijikuna ng'ambo ya ukuta, akijikaza asijikune, kisha akijikuna tena. Kaija aliziba masikio kwa mto.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba Bibi alijilaumu mwenyewe. “Labda ni kahawa,” alisema, akakisukuma kikombe pembeni. Bibi Lempi bila kahawa alikuwa kama nyumba bila jiko. Kisha akaacha mkate wa iliki. Jumamosi ikafika, akatangaza kwamba hataingia sauna tena.

“Mama, wewe?” Marlys alishangaa. “Wewe ambaye uliingia sauna mguu ukiwa umevunjika na kufungwa plasta?”

“Mwili umezeeka. Hauvumilii tena.” Aliyasema hayo akitazama dirishani.

Kaija alitaka kusema. Atasema nini? Kwamba alimchoma bibi yake kwa ajili ya hoki? Alikwenda kulala bila kula, na Mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu. Daktari Okerlund, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliigeuza mikono ya Bibi chini ya taa.

“Kuna kitu chochote kilichobadilika nyumbani? Sabuni? Dawa? Mafuta?”

“Hakuna,” Mama alijibu. “Kaija anampaka kila jioni. Huyu mtoto hajaruka hata siku moja.”

Kaija aliitazama sakafu.

“Basi inaelekea dawa ya kupaka imeshindwa,” daktari alisema. “Tukifika hapo, hatua inayofuata ni sindano. Inafanya kazi vizuri, lakini inapunguza kinga ya mwili. Nisingependa kuiharakisha kwa mtu wa umri wako, Bibi Lempi, hasa baada ya ile nimonia ya mwaka jana. Lakini kwa hali hii, sioni njia nyingine. Tuanze na vipimo vya damu leo.”

Bibi aliitikia kwa kichwa. Kaija alikumbuka ile nimonia: kitanda cha hospitali, mashine ya hewa, Mama akilala kwenye kiti bila kuvua koti. Nesi aliingia na sinia la sindano za kuchukulia damu, akaanza kumkunjia Bibi mkono wa gauni.

“Siyo dawa iliyoshindwa!” Kaija alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. “Ni mimi. Nilimpaka krimu nyingine. Ya kuondoa mikunjo. Brenna aliniambia inatosha peke yake, nikataka nimalize haraka niende hoki. Bibi aliponiuliza, nikadanganya. Nikaona damu kwenye shuka, nikakificha kichupa, nikanyamaza.”

Nesi alisimama na sinia lake. Mama aligeuka polepole.

“Kaija. Sema tena.”

Alisema tena, huku analia.

“Ulimpaka wapi?” daktari aliuliza, bila ukali. “Ngozi ilikuwa kavu?”

“Mikononi, mgongoni, miguuni. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya sauna. Bado ilikuwa na maji.”

Daktari alishusha pumzi. “Krimu za namna hiyo huchubua ngozi ili ijitengeneze upya. Kwenye ngozi yenye unyevu zinaingia zaidi na kuchoma zaidi. Na ngozi ya soriasisi tayari inajitengeneza upya kwa kasi mbaya; ukiichubua, inajibu kwa kuota mabaka mapya. Hata nyinyi watoto hamna kazi nazo. Mnaondoa mikunjo gani?” Akamgeukia nesi. “Damu iache kwanza. Tunasitisha mpango wa sindano. Tutaituliza ngozi, kisha turudi kwenye dawa yake tuone.”

Bibi Lempi aliguna.

“Yaani kahawa yangu nimeiacha bure?”

Nesi aliinamisha uso asionekane anacheka. Kaija hakucheka. “Nisamehe, Bibi.”

“Iliniuma sana, mtoto wangu,” Bibi alisema. “Sitakudanganya, iliniuma sana.” Kisha akamshika mkono.

Ndani ya gari Mama hakuwasha injini.

“Nitasema mara moja. Kupaka krimu bila kuuliza ni ujinga, na ujinga una dawa: mtu anafundishwa. Lakini uliona damu kwenye shuka ukanyamaza. Daktari anatibu kile anachoambiwa, Kaija. Ukimpa uongo, atautibu uongo, na dawa itaingia mwilini mwa bibi yako. Ulichelewa. Ila ulisema kabla ya sindano, na mbele ya watu. Hilo nimeliona.” Akafunga mkanda. “Kile kichupa nitakirudisha mwenyewe kwa mama yake Brenna. Tuna maongezi mimi na yeye.”

Kwa muda mrefu baada ya hapo Kaija hakuruhusiwa kugusa tyubu. Mama aliomba zamu ya asubuhi, akampaka Bibi mwenyewe, naye Kaija akapewa kazi ya kufua mashuka na glavu. Hoki hakwenda, ingawa hakuna aliyemkataza.

Wekundu ulipungua polepole. Mwisho wa majira ya baridi, barafu ya ziwani ilipoanza kupasuka, mikono ya Bibi ilikuwa na mabaka yaleyale machache ya siku zote. Daktari Okerlund aliitazama, akasema dawa inafanya kazi na hakuna haja ya sindano.

Jumamosi iliyofuata Bibi alirudi sauna, na alipotoka akaketi kwenye kigoda chake. Mama alikuwa tayari ameshika taulo.

“Wewe kapumzike,” Bibi alimwambia. “Namtaka Kaija.”

Kaija alipokea taulo lakini hakusogea. “Bibi, je, nikikosea tena?”

“Utakosea. Hata mama yako aliwahi kunipaka dawa ya meno akiwa na usingizi.”

“Mama!” Marlys alilalamika.

“Ukikosea,” Bibi Lempi alisema, akigeuza mgongo wake, “utaniambia hapohapo. Haya, paka, nisije nikakauka.”