Dakika Ishirini Kabla ya Saa Kumi

Asubuhi ya Jumatatu ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulikuwa na watu wapatao mia mbili na kompyuta moja tu iliyokuwa hai. Fundi wa mtandao alikuwa chini ya meza ya katikati, amepiga magoti, akifuata waya wa buluu kwa vidole. Kiatu cheusi chenye kisigino kifupi kikatua juu ya mkono wake.

"Dada, huo ni mkono."

"Ee, pole! Nilidhani waya."

"Waya haulalamiki."

"Wa hapa unalalamika tangu Ijumaa. Umekuja kuutengeneza au kulala?"

Fundi aliinua kichwa, akakigonga mezani. Dada wa mapokezi alikuwa na gauni la kijani lililokaa barabara mabegani, kitambaa cha zambarau kichwani na kalamu nyuma ya sikio. Hakuwa akicheka. Alikuwa akijizuia kucheka, na fundi aliona hilo ni gumu zaidi kulivumilia.

Saa moja baadaye simu ya mezani kwa yule dada, namba 214, iliita.

"Mapokezi, nikusaidie nini?"

"Ni fundi. Niko chumba cha mitambo. Najaribu laini. Unanisikia?"

"Nakusikia. Mkono je?"

"Unanisikia vizuri?"

"Vizuri kuliko nilivyotaka."

Kuanzia siku hiyo laini ya 214 ilijaribiwa kila siku, iwe imeharibika au haijaharibika. Fundi alimwita yule dada Mapokezi. Naye alimwita Bwana Tahadhari, na sababu aliipata mchana mmoja walipokuwa wakila kwenye benchi nyuma ya maabara.

"Hilo sanduku lenu la chumba cha mitambo lina nini hata ulilee kama mtoto mchanga?"

"Ni swichi. Ile ya simu, kila simu ya ghorofa ya chini hupita humo, hata umeme wa simu hutoka humo. Ndani ina programu yake inayoiendesha. Ikizeeka inakuwa na mianya, wezi wa taarifa za wagonjwa wanapenya. Lazima iwekwe mpya."

"Basi si uweke! Kazi ya robo saa."

"Robo saa, ndiyo. Kabla yake kuna siku tatu. Nanakili mipangilio yote. Nahakiki faili jipya limefika zima, halikukatika njiani. Naanza na swichi ya stoo, ambako nikikosea haumii mtu. Halafu nabandika tangazo la saa, watu wajipange. Na programu ya zamani siifuti mpaka mpya isimame yenyewe. Ikigoma, narudi nyuma."

"Mama yangu! Na mimi unanijaribia stoo gani?"

"Wewe huna nakala ya kurudia," alisema. "Ndiyo maana nakwenda polepole."

Mapokezi alimega nusu ya mkate wake, akamwekea kwenye kifuniko cha bakuli.

Baba yake Mapokezi, fundi cherehani mstaafu, alikuwa amelazwa wodi ya pili, ghorofa mbili juu, baada ya kupasuliwa tumbo. Kidonda kilikuwa kinakauka. Madaktari walizungumzia kumruhusu Jumamosi. Alipoelezwa habari za Bwana Tahadhari alicheka mpaka akashika mshono.

"Mwenda pole hajikwai," alisema. "Mlete Alhamisi saa kumi na moja, nikiwa sijachoka. Avae shati la maana. Mimi mtu namjua kwa kola."

Alhamisi hiyohiyo ilikuwa zamu ya swichi ya simu. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye meza ya Mapokezi siku tatu kabla: simu za ghorofa ya chini zitakuwa kimya kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Mapokezi aliyapanga mambo yake kulingana nalo. Sheria ya mapokezi ilitaka simu za mkononi zifungiwe kabatini wakati wa zamu, hivyo wodi ilimpata kwa 214 tu. Angebaki mezani hadi saa kumi, kisha, simu zikizimwa, angepanda kukaa na baba.

Fundi alikuwa tayari saa tisa na nusu. Mipangilio ilinakiliwa, faili lilihakikiwa mara mbili. Kwenye kiti cha pembeni lilikuwapo shati jeupe ndani ya karatasi yake ya dukani, bado na pini kwenye kola. Lilihitaji pasi. Yeye mwenyewe alihitaji kuoga, maana chumba cha mitambo kina joto na vumbi. Alitazama skrini: hapakuwa na simu iliyokuwa ikizungumzwa. Alichoweza kukihakiki alikihakiki. Nani alikuwa karibu kuinua simu, hakuna skrini inayoonyesha.

Alianza saa tisa na dakika arobaini.

Swichi ilizimika, ikawaka, ikajisoma upya. Saa tisa na dakika hamsini na sita taa zake zote zilikuwa kijani. Alijaribu kwa simu ya dirisha la dawa, ikaita. Namba 214 hakuipiga. Alitaka wakutane juu, yeye akiwa ndani ya shati. Mezani, Mapokezi alikuwa akiandikisha wagonjwa bila kukatizwa. Simu isiyoita ni neema kwa mtu wa mapokezi, na hakuna anayeichunguza neema.

Saa kumi kamili Mapokezi alipanda ngazi. Muuguzi wa wodi alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada yangu," alisema muuguzi. "Nimekupigia mara tatu. Damu iliganda, ikaziba mapafu. Alikuwa anakuita. Alitutoka saa tisa na dakika hamsini na tano."

Saa kumi na moja fundi alifika na shati lililopigwa pasi, akakuta kitanda kimefunikwa.

Mazishi yalifanyika Jumamosi. Fundi alibeba viti. Hapo ndipo alipomsikia shangazi mmoja akitaja saa na dakika aliyofariki mzee, akahesabu. Alikaa kimya siku sita.

Siku ya saba Mapokezi alishuka chumba cha mitambo, gauni jeusi, macho makavu.

"Nataka unisaidie kitu, mpenzi."

"Sema."

"Yule muuguzi ni mwongo. Anasema alipiga mara tatu. Simu yangu haikuita hata mara moja, na tangazo lako linasema saa kumi. Nimemshtaki. Muuguzi mkuu amempa barua ya kujieleza, kesho wanakaa kikao. Wewe una kumbukumbu za swichi. Wachapie, waone kwamba laini ilikuwa nzima."

Feni za mitambo ziliendelea kuvuma.

"Haikuwa nzima," alisema.

"Unasemaje?"

"Nilianza mapema. Saa tisa na arobaini. Ilirudi saa tisa na hamsini na sita. Muuguzi alipiga kweli."

Mapokezi alimtazama kama anayesubiri sentensi nyingine.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kupiga pasi shati."

"Shati."

"Baba alisema atanijua kwa kola."

Alikaa kwenye kiti kilekile kilichokuwa na shati. "Kutoka mezani hadi wodini ni dakika tatu," alisema taratibu. "Nimezipanda zile ngazi mwezi mzima, nazijua. Simu ya kwanza tu ingeita, ningemkuta baba anaongea." Kisha, "Ulijua lini?"

"Mazishini."

"Ukanyamaza siku sita, mimi namtukana mama wa watu?"

"Ndiyo."

"Angalau usingesema ndiyo haraka hivyo," alisema, akaondoka.

Kesho yake fundi aliwasilisha kumbukumbu kikaoni, kurasa mbili, mstari wa saa tisa na arobaini ameupigia mstari kwa wino mwekundu. Kikao hakikuwa kimemwomba. Muuguzi alisafishwa. Fundi alipewa onyo la maandishi. Mapokezi alimwomba muuguzi radhi mbele ya wote, wakakumbatiana, wakalia. Kwa fundi hakugeuza uso.

Miezi minne ilipita. Fundi alipopiga 214 kujaribu laini, alijibiwa neno moja: "Inasikika." Alikubali. Hakupiga pasipo sababu.

Kisha asubuhi moja simu ya chumba cha mitambo iliita yenyewe.

"Unanisikia?" Ilikuwa sauti yake.

"Nakusikia."

"Nahama. Mama hawezi kukaa peke yake, nimepata kazi karibu naye. Leo ni siku yangu ya mwisho. Panda unikabidhi mkono, Bwana Tahadhari. Sitaukanyaga."

Alipanda. Mapokezi alikuwa na gauni la kijani tena, limempwaya mabegani sasa. Meza ilikuwa tupu.

"Sina hasira nawe," alisema. "Niliitafuta, nikaikosa. Ungeweza kuficha, hakuna ambaye angejua. Nimekusamehe, na nataka uliamini hilo."

"Basi nikufuate? Nitasubiri hata mwaka. Miwili."

"Wewe ulisema programu ikigoma unarudi nyuma." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamshinda. "Hapa hakuna pa kurudi, mpenzi wangu. Kila nikiuona uso wako, natazama saa. Nimejaribu miezi minne nisitazame. Hata sasa nimeitazama."

Na kweli alikuwa ameitazama.

Wakapeana mikono. Mapokezi alikishika kiganja cha fundi muda mrefu kuliko desturi, akakigeuza, akakipangusa vumbi kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta alama ya kisigino. Kisha akachukua mkoba wake, akapita katikati ya foleni.

Mwezi uliofuata lilitoka toleo jipya la programu. Tangazo lilibandikwa siku tatu kabla: saa kumi hadi saa kumi na moja. Fundi alikuwa tayari saa tisa na dakika ishirini. Alipiga 214.

"Mapokezi," ilijibu sauti ngeni, changamfu. "Nani mwenzangu?"

"Fundi wa mtandao. Najaribu laini. Unanisikia?"

"Vizuri kabisa. Mko tayari? Anzeni tu basi, huku shwari, hakuna hata anayepiga."

"Tangazo linasema saa kumi."

"Kaka, si dakika arobaini hizo! Utakaa unafanya nini?"

"Nitakaa," alisema.

Akarudisha simu mahali pake, akakunja mikono, akaitazama saa ya ukutani mpaka ilipofika saa kumi.